Mali Bila Daftari

Hotuba ya mjumbe wa wafanyi kazi wa idara ya shehena, mbele ya wanachama, wazazi na vijana waliomaliza kidato cha nne, katika ukumbi wa tawi, Changamwe. Imechapwa kwa agizo la Kamati ya Tawi ili waliokuwa zamu siku ile nao wapate kuisoma.



Kamati iliniomba niseme juu ya vijana wetu na Chuo Kikuu. Nilipoambiwa nilicheka, nikasema, "Mimi Chuo Kikuu sikukanyaga ila kupeleka sanduku la mtoto." Katibu akanijibu, "Ndiyo sababu tumekuchagua. Wasomi watasema juu ya vitabu. Wewe sema juu ya sanduku." Basi nimekuja kusema juu ya sanduku, na juu ya yale ambayo mzazi na mtoto huyaacha nyumbani bila kuyasema.

CHAMA NA CHUO SI WAGENI

Kwanza nataka kuwakumbusha jambo ambalo vijana hawalijui, na sisi wazee tumeanza kulisahau. Tom Mboya, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanyi Kazi la Kenya, alikuwa mtoto wa mfanyi kazi wa shamba la mkonge huko Kilima Mbogo. Alisoma mpaka Mang'u, lakini hakuweza kuendelea kwa sababu karo haikupatikana, akaenda kujifunza kazi ya ukaguzi wa afya. Wazee wetu wa hapa Mombasa walimjua mwaka 1955, makuli wa Kilindini walipogoma, naye akaja kusimama nao katika mazungumzo mpaka mshahara ukaongezwa. Mwaka huo huo akaenda Uingereza, katika chuo cha Ruskin mjini Oxford, kilichoanzishwa kwa ajili ya wafanyi kazi.

Mtu huyu aliyekatizwa masomo kwa ajili ya karo, Septemba 1959 ndiye aliyepeleka vijana 81 kwa ndege kwenda kusoma Marekani. Wakati ule Kenya haikuwa na Chuo Kikuu chake. Palikuwa na Makerere huko Uganda, na Nairobi palikuwa na chuo cha ufundi kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956. Fedha za ndege zilichangwa na watu wa Marekani, akiwamo Jackie Robinson mcheza besiboli na Harry Belafonte mwimbaji. Mwaka 1960 wakaenda wengine, na mmoja wao alikuwa Wangari Maathai, aliyepata Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Nayasema haya si kwa kujisifu. Nataka tuone jinsi mambo yale yalivyofanywa. Ndege ilikuwa sehemu moja tu ya gharama. Kila kijana alihitaji nafasi katika chuo, na fedha za kula, na nguo za baridi, na huku nyumbani jamaa na majirani walikaa wakahesabu nani atatoa nini. Kila mtu alijua pengo liko wapi, na ndiyo sababu pengo liliweza kuzibwa. Ndugu zangu, pengo linalofichwa halizibwi. Hilo ndilo neno langu la leo, na yote nitakayosema baada ya hapa ni kulieleza.

MTOTO WANGU WA KWANZA

Mnajua kazi yangu. Miaka mingi nimesimama na kalamu nikihesabu makontena ya watu: lililoingia, lililotoka, lililovunjwa lakiri. Kontena moja likikosekana katika hesabu yangu, silali. Lakini nyumbani kwangu mwenyewe hapakuwa na hesabu.

Mtoto wangu wa kwanza alifanya mtihani mwaka 2013. Alipata alama ya B, na mwaka 2014 akapewa nafasi ya kusomea uhandisi katika chuo kimoja cha bara. Barua ile niliizungusha mtaa mzima. Nilichukua mkopo katika SACCO, nikanunua sanduku, godoro, na viatu vya kufunga kamba. Siku ya kuondoka, pale Mwembe Tayari kwenye mabasi, aliniuliza, "Baba, mambo ya nyumbani yako sawa?" Nikamjibu, "Wewe soma tu. Ya nyumbani niachie mimi."

Ni maneno mazuri. Sidhani kama yuko baba humu ukumbini asiyepata kuyasema. Lakini yalikuwa uwongo. SACCO walikuwa wakikata mshahara, na kilichobaki hakikutosha kodi ya nyumba na karo ya dada yake aliyekuwa shule ya upili. Dada yake alirudishwa nyumbani mara mbili katika muhula mmoja. Mama yao, kwa uchungu, akampigia simu yule kijana usiku. Kijana alikuwa amepokea fedha za mkopo wa serikali za kula na kulala. Akatuma shilingi 9,000 zikalipa karo ya dada yake. Mimi niliambiwa zimetoka katika chama cha kina mama. Nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini.

Kule chuoni kijana akabaki mikono mitupu. Akatafuta kazi ya usiku katika duka, kulinda na kufagia. Usiku yuko kazini, mchana amelala, na darasa linaendelea bila yeye. Mwaka wa pili akaanguka masomo manne. Mwaka wa tatu hakujiandikisha kabisa. Alikuja nyumbani Desemba, nikamwuliza, "Masomo?" Akasema, "Mazuri." Nikasema, "Haya." Ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu yote juu ya Chuo Kikuu.

Mwaka 2017 nilipata likizo nikaenda kumtembelea bila kumwambia, na kikapu cha maembe mkononi. Karani wa chuo akatazama orodha yake, akaniambia kwa upole kwamba jina hilo halimo tena. Nilimkuta kijana wangu kwenye lile duka. Aliponiona aliweka ufagio chini. Yeye hakusema neno, wala mimi sikusema. Nikampa maembe. Ndani ya basi, tulipofika karibu na Voi, ndipo aliponiambia, "Baba, wewe ulisema ya nyumbani nikuachie. Nikaona na ya chuoni niyabebe mwenyewe."

Ameniruhusu nieleze habari hii. Nilimwuliza kabla ya kuja.

Wengine mtasema kosa ni la kijana, na wengine mtasema ni la mama. Mimi nasema hesabu ilifichwa na kila mtu, na kila mmoja aliificha kwa kumpenda mwenzake. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Na jambo linaloniuma zaidi ni hili: baadaye nilikuja kujua kwamba mwanafunzi aliyepatwa na shida anaweza kukiandikia chuo barua, akaomba kuahirisha masomo kwa muda, akatunziwa nafasi yake. Karatasi moja tu. Lakini ili uandike karatasi ile sharti kwanza ukiri kwamba una shida, na nyumbani kwetu shida ilikuwa imepigwa marufuku.

TULIPOFUNGUA DAFTARI

Binti yangu alifanya mtihani mwaka huo huo wa 2017. Matokeo yalipotoka, naye akiwa amepata alama ya kwenda Chuo Kikuu, sikuzunguka mtaani na karatasi. Tulikaa usiku mmoja mezani, mimi, mama yao, yeye na kaka yake. Nikaweka mezani karatasi yangu ya mshahara. Mama watoto aliisoma kwa mara ya kwanza tangu tuoane.

Mnacheka, lakini hebu jiulizeni. Kila mkataba wetu unapokaribia mwisho, sisi humwambia tajiri nini? Humwambia afungue vitabu. Akisema hana fedha twamwambia atuonyeshe. Twajua kwamba hapawezi kuwa na mapatano ya haki ikiwa upande mmoja umeficha hesabu. Kisha twarudi nyumbani na karatasi ya mshahara imekunjwa mara nne ndani ya soksi! Yale tunayomdai tajiri, wake zetu na watoto wetu hawana haki nayo?

Basi tuliandika katika daftari la shule. Upande mmoja kinachoingia, upande wa pili kinachotoka. Binti akaona mwenyewe kwamba baada ya SACCO, kodi, chakula na karo ya mdogo wake, mimi naweza kumpa shilingi 2,000 kwa mwezi, na katika miezi mingine sifuri. Hakulia. Alisema, "Kumbe ndivyo ilivyo," kisha akaanza kuchagua kwa akili. Alikuwa akitamani chuo cha Nairobi. Akapiga hesabu ya nauli na chumba, akaomba ualimu wa hisabati na fizikia katika Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, ambako akikwama atarudi nyumbani kwa matatu moja.

Karo ya mwanafunzi wa serikali wakati ule ilikuwa shilingi 16,000 kwa mwaka, na sehemu ililipwa na mkopo. Katika mkopo wake alipata mkononi shilingi 16,000 kwa muhula. Ni fedha nyingi kwa mtu aliyetoka shule juzi, lakini tuligawanya kwa wiki 16. Ni shilingi 1,000 kwa wiki, yaani kama shilingi 142 kwa siku, kwa chakula, sabuni, kalamu na kunakili makaratasi. Aliandika hesabu ile ndani ya jalada la daftari. Wenzake walinunua spika za muziki wiki ya kwanza, na wiki ya saba walikuwa wakimwomba chumvi.

Mwaka wake wa kwanza, 2018, ndio mwaka makontena mengi yalipoelekezwa kwenye reli mpya, na kazi katika bohari nyingi za Mombasa ikapungua. Wengi wenu mliyaona. Ovataimu yangu ilikwisha. Lakini safari hii sikusema "niachie mimi". Kila Jumapili saa mbili za usiku tulipigiana simu, naye alinisomea daftari lake, nami nikamsomea langu. Mwezi ambao sikuwa na kitu nilimwambia sina kitu, naye akaenda ofisi ya wanafunzi chuoni kuuliza kama iko kazi au msaada wowote. Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa ajili ya korona, akarudi nyumbani, akawa anawafundisha watoto wa jirani. Mwaka 2022 akavaa joho. Leo anafundisha, na anaendelea kulipa mkopo wake.

FEDHA ZA CHUO ZILIVYO LEO

Wazee hupenda kusema, "Zamani Chuo Kikuu kilikuwa bure, hata fedha za mfukoni walipewa." Ni kweli, lakini ni zamani sana. Mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya hapa nchini ilianza mwaka 1974. Mwaka 1991 wanafunzi wakaanza kulipa sehemu ya karo na kujinunulia chakula. Mwaka 1995 ikaundwa halmashauri ya mikopo tunayoiita HELB. Na mwaka 2023 mpango ukabadilika tena, na huu ndio unaowahusu ninyi vijana mliokaa mbele.

Mpango wa 2023 ulipoanza, barua ya kuitwa chuoni ilionyesha gharama nzima ya masomo, si ile karo ndogo ya 16,000. Wazazi wengi walipoona laki mbili au tatu walishtuka, na wengine wakaificha barua. Tulieni. Gharama ile hugawanywa sehemu tatu: msaada wa serikali usiolipwa, mkopo unaolipwa, na fungu la jamaa. Mwanafunzi huulizwa habari za nyumbani kwao, kisha huwekwa katika kundi. Kwa makundi matano yaliyotumika mwaka 2024, jamaa wa kundi la kwanza walitakiwa kutoa asilimia 5 ya gharama, na wa kundi la tano asilimia 40. Mnaona tofauti ilivyo kubwa!

Mpango huu umeletewa manung'uniko mengi. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema kwamba unavunja Katiba, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ikaisimamisha hukumu hiyo kwa muda wakati rufani ikingojwa. Kwa hiyo kabla ya kulipa lolote, ulizeni mpango uko namna gani mwaka huo. Msitegemee habari za jirani ambaye mtoto wake aliingia miaka mitatu iliyopita.

Lakini mpango wowote utakaokuwapo utauliza swali lile lile: nyumbani kwenu mna nini? Na kijana ambaye hajui mshahara wa baba yake atajibu nini? Nimewaona vijana wa hapa Changamwe wakijaza fomu kwa kubahatisha. Mmoja aliona haya kusema kwamba baba yake ni kibarua wa siku, akaandika ana kazi ya kudumu. Kwa neno moja la kujikweza, jamaa nzima ikapewa mzigo usiokuwa wao. Aliyewekwa katika kundi lisilo lake anaruhusiwa kukata rufani, lakini rufani hutaka hati, na hati ziko katika sanduku la mzazi. Leteni vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo. Vitafuteni sasa, msingoje Agosti.

Na mkopo ni deni, wanangu. Deni hilo lina jina lako, si la baba. Riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka, na kulipa huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Si riba ya kuogofya ukilinganisha na mikopo ya simu inayotula hapa mtaani, lakini anayenyamaza hutozwa faini. Ukimaliza bila kazi, waandikie uwaambie. Hapa tena, kusema ndiko dawa.

MAISHA YA CHUO KIKUU

Sasa nasema na ninyi vijana peke yenu. Binti yangu alinisaidia kuandika sehemu hii.

Katika shule ya upili kengele ndiyo iliyokuamsha, na mwalimu wa zamu ndiye aliyekufukuza kitandani. Chuo Kikuu hakuna kengele. Utakaa mwezi mzima bila kuingia darasani na hapana mtu atakayegonga mlango wako. Wengi hudhani huo ndio uhuru. Kijana wangu aliniambia kwamba siku aliyokosa darasa mara ya kwanza alingoja aitwe. Hakuitwa. Mara ya pili hakungoja tena.

Jiandikishe masomo yako kila muhula kwa tarehe iliyowekwa, na uweke nakala ya kila karatasi: ya malipo, ya kujiandikisha, ya kuingia katika mtihani. Alama hupotea vyuoni kama mizigo inavyopotea bandarini, na mwenye karatasi ndiye anayesikilizwa.

Ukianguka somo moja, hujafa. Iko mitihani ya kurudia. Mwambie mzazi wiki ile ile. Ataghadhibika siku mbili, siku ya tatu atauliza mtihani wa kurudia ni lini. Ukificha, utaficha la pili ili kulifunika la kwanza.

Ukitafuta chumba nje ya chuo, uliza kwanza kama chuo chenyewe kina kitanda. Ukikosa, tafuteni wawili au watatu mnaojuana. Chumba chenye rangi nzuri kilicho mbali na chuo kitakula nauli kila siku. Na ninyi mabinti, asije mtu akakuambia atakulipia chumba kwa wema wake. Shilingi 142 zako za siku ni chache, lakini hazikudai kitu usiku.

Jambo jingine ni migomo. Mwalimu wa Chuo Kikuu naye ni mfanyi kazi, ana chama, na ana mkataba kama wetu. Mwaka 2025 wahadhiri waligoma siku 49, tangu Septemba mpaka Novemba, wakidai malimbikizo ya mkataba wa 2017 hadi 2021. Sisi watu wa chama hatuwezi kuwalaumu kwa kudai haki yao. Lakini mwanafunzi aliyegawa fedha zake kwa wiki 16 akajikuta muhula umekuwa wa wiki 23. Kwa hiyo wekeni akiba kidogo ya siku kama hizo, na mgomo ukitangazwa, pigeni simu nyumbani mara moja tushauriane kama ni heri kungoja huko au kurudi.

WALE WASIOPATA C YA JUU

Wako vijana humu ambao barua ya digrii haitawafikia, kwa sababu C+ ndiyo alama ya chini ya kuingilia digrii. Nimewaona wamekaa nyuma karibu na mlango. Sogeeni mbele, maneno haya ni yenu pia.

Chuo cha ufundi si kaburi. Kile Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa mnachokiona Tudor kilianza kama chuo cha kufundisha kazi za mikono kwa vijana Waislamu wa Afrika ya Mashariki, kikapokea wanafunzi wake mwaka 1951. Kikawa chuo cha ufundi cha watu wote mwaka 1966, kikawa Politekniki mwaka 1972, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu kamili. Basi kama chuo chenyewe kimepanda ngazi hatua kwa hatua miaka 62, wewe wa miaka 18 waona haya gani kuanza na cheti au diploma? Aliye na C- anaweza kuomba diploma, na wenye alama za chini ya hapo wana kozi za cheti na za ufundi.

Yule kijana wangu aliyefagia duka alirudi, akakaa miezi mitano bila kutoka nyumbani. Kisha akajiandikisha katika chuo cha ufundi akasomea umeme. Leo ni fundi wa makontena ya baridi. Mashine ya samaki ikizima usiku wa manane, yeye ndiye anayeamshwa. Amekaa pale, dirisha la tatu. Hakupata digrii, na siwadanganyi kwamba hatuumii, yeye na mimi. Lakini analipa karo ya mdogo wake wa mwisho, naye amefanya mtihani mwaka 2025 pamoja nanyi.

NINAYOYAOMBA

Bwana Mwenyekiti, nisiwachoshe. Naliomba tawi mambo matatu, na naomba yaandikwe katika kumbukumbu.

La kwanza, kila mwaka matokeo yakitoka, ofisi yetu ifunguliwe Jumamosi nne mfululizo, na watoto wa wanachama waliokwisha kupita vyuoni waje kuwasaidia wadogo zao kuomba nafasi na kujaza fomu za fedha. Hakuna gharama ila chai. Twawapoteza vijana kwa makosa ya fomu, na hayo ni makosa yanayozuilika.

La pili, michango yetu ya chuo ianze mapema. Desturi yetu ni kungoja barua, kisha twaita harambee wiki moja kabla ya chuo kufunguliwa, na mzazi anazunguka na kadi kama mtu aliyefiwa. Mtihani huisha Novemba, na vyuo hufunguliwa karibu na Agosti au Septemba. Hiyo ni miezi tisa. Mwanachama mwenye mtoto wa kidato cha nne aanze kuweka katika SACCO tangu mtoto anapoingia kidato cha tatu, hata kama ni shilingi 300. Na kijana mwenyewe asikae miezi hiyo akitazama simu na kucheza kamari ya mpira. Achukue kitambulisho, ajifunze kompyuta, afanye kazi halali yoyote, na nusu ya atakachopata kiingie katika sanduku lake mwenyewe.

La tatu haliwezi kuamuliwa na Kamati. Ni la nyumbani. Usiku wa leo, au kesho kwa walio zamu, kila mzazi mwenye mtoto aliyemaliza aweke karatasi yake ya mshahara mezani. Asiye na karatasi, aseme kwa mdomo. Na kijana naye aseme alama zake zote, na lile analotaka kwa kweli kusomea, hata kama baba anataka jingine. Msigombane usiku huo. Andikeni tu.

Wahenga wametuachia neno: mali bila daftari hupotea bila habari. Nilipolisikia zamani nilidhani ni neno la wenye maduka. Sasa najua kwamba mali kubwa kuliko zote iliyopita mikononi mwangu ni kijana mwenye alama ya B, na sikuiandika popote.

Kitinda mimba wangu amekaa katikati yenu. Daftari lake tumekwisha kulifungua, na ukurasa wa kwanza una pengo. Nalitaja mbele yenu nyote bila haya: kwa hesabu ya leo twapungukiwa na shilingi 31,000. Nimelisema. Sasa tunaweza kulitafutia dawa.

Umoja ni nguvu.